Silabi Moja

Hakimu alitamka wiki kumi na mbili
kwa sauti ya mtu anayeagiza misumari.
Faini, leseni mezani, na karatasi ya njano:
kila Jumanne, saa moja usiku,
chini ya kanisa la Kilutheri,
mtaa wa pili kutoka bandari ya Duluth.
Ukikosa mara mbili, unaanza upya.

Basi natembea.
Mimi, Arvid Kettunen, miaka kumi na tisa
dereva wa gari la kukwangua theluji,
natembea kando ya barabara niliyoifagia mwenyewe,
na gari langu linanipita, taa yake ya chungwa ikizunguka,
kijana wa watu kashika usukani,
ananimwagia theluji hadi magotini
bila kunitambua.
Au kwa kunitambua.

Chini huko, viti vya plastiki,
kahawa nyepesi, waona kitako cha kikombe.
Tuko tisa. Doreen, mpishi wa shule,
anafuma soksi isiyoisha.
Daktari wa meno hajavua koti tangu siku ya kwanza,
kama mtu aliyepita tu kuuliza njia.
Tou Yang wa duka la matairi
anaitazama saa ya ukutani, na saa haimtazami.

Mwalimu ni Marlys Haugen, mfupi, sauti kavu.
Siku ya kwanza aliuliza kilichotuleta.
Kila mmoja akaeleza yake:
harusi ya binamu, mechi, bia mbili
(daima mbili, kana kwamba mji mzima
haujafundishwa tatu),
na kila mmoja akafunga kwa maneno yale yale:
lakini sikuua mtu.
Daktari: sikuua mtu.
Doreen, macho kwenye uzi: sikuua mtu.
Tukayapokezana kama chumvi mezani.

Bi Haugen akayaandika ubaoni.
SIKUUA MTU.
Akarudi nyuma hatua mbili, akayatazama
kama fundi aonavyo mlango uliopinda.
Kisha akafuta silabi moja kwa kidole,
akaandika nyingine.
SIJAUA MTU.
Akaenda kuongeza maji kwenye birika.

Wiki ya tano, miwani.
Ukiivaa, macho yanalewa, kichwa kikavu.
Utepe umebandikwa sakafuni: tembea juu yake.
Nikajitapa. Miaka kumi na tisa
nimefuata mistari nisiyoiona,
imezikwa futi mbili chini ya theluji,
utepe huu ndio utanishinda?
Hatua ya nne nikaliangukia kabati la vitabu vya nyimbo.

Walicheka. Nami nilicheka, nimelala chali,
karatasi za ibada zikinishukia kifuani,
na ghafla sikuwa pale.

Nilikuwa kwenye njia ya Lester, Novemba,
sanduku la barua limelala chini ya gari langu,
barua zimetapakaa juu ya theluji,
na bibi mmoja anatoka, gauni la kulalia,
buti za kiume, tochi mkononi.
Akazipita barua zake zote.
Akanimulika usoni, taratibu, akauliza:
Umeumia, mwanangu?

Nami, pumzi yangu ikinuka pipa zima,
nikamjibu:
Nani kaweka sanduku hapa?

Hili sikulisema darasani.
Nilisimama, nikavua miwani,
nikaokota karatasi moja moja. Doreen akanisaidia.
Hakuuliza kitu.

Jumamosi nilinunua nguzo ya mwerezi
na sanduku jipya la bati, la kijani.
Limeegemea ukuta wa sebule, tunatazamana.
Ardhi hapa ikiganda imeganda;
hakuna sururu itakayoingia kabla ya Aprili.
Mpaka wakati huo, nasikia,
bibi hufuata barua zake posta,
maili moja kwa miguu,
kwenye barafu,
kandokando ya barabara kama mimi.